Vyumba sita, bomba moja

Jumapili jioni.

Sisi tuliokulia Kariakoo, Ilala na Magomeni, tukikutana msibani hatukosi kusema kwamba zamani watu walipendana. Ni kweli walipendana, lakini kauli hiyo haimfai kitu kijana aliyezaliwa ghorofa ya tano, nyuma ya geti. Kupendana kule kulikuwa na vyombo vyake: ukumbi wa kupita watu wote, bomba moja, choo kimoja, kawa la kufunikia chakula, na zamu. Nataka kuviandika kama vilivyokuwa, na vipimo vyake, kabla havijageuka maneno matupu.

Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam ina vyumba sita, vitatu kulia na vitatu kushoto, katikati ukumbi mwembamba unaotoka mlango wa mbele hadi mlango wa uani. Mbele kuna baraza la saruji. Nyuma kuna jiko, bafu, choo cha shimo, na mara nyingi banda la vyumba viwili vitatu vya kuongezea. Kila chumba familia yake au mpangaji wake, na mwenye nyumba akiishi humo humo. Chumba chenyewe ni kama futi 10 kwa 10. Kikishaingia kitanda, kabati, meza na ndoo za maji, mtoto hana pa kukaa. Kwa hiyo mchana kutwa watoto walikuwa uani, ukumbini au barabarani, yaani mahali ambapo kila mtu mzima aliwaona.

Ukumbi ule ulifanya kazi kubwa kuliko tunavyokumbuka. Huwezi kwenda bafuni asubuhi bila kupita milango ya wenzako, na kila mlango una pazia, siyo kufuli. Mtoto alikuwa ameshatoa shikamoo tano au sita kabla hajanawa uso. Mzee asipoitikia marahaba kama kawaida yake, mtoto alirudi chumbani na habari kwamba babu fulani leo sauti haitoki, na mama akatoka kwenda kumjulia hali. Hakuna aliyepanga utaratibu huo. Ulitokana na ramani ya nyumba.

Sasa maji. Miaka ya 1980 na 1990, mitaa mingi ya Dar maji yalitoka usiku wa manane, na siku nyingine hayakutoka kabisa. Bomba ni moja, liko uani. Jioni ndoo zilipangwa kwenye foleni kuanzia chini ya bomba kuelekea ukutani, na asiyekuwa na ndoo ya ziada aliweka kopo au jiwe, likaheshimiwa kama ndoo. Bomba liliachwa wazi, chini yake limefunikwa debe kifudifudi. Tone la kwanza likigonga bati, aliyelala karibu na mlango wa uani anasikia. Kanuni ilikuwa moja na haikuwa na mjadala: anayeamka kwanza hajazi ndoo yake, anagonga milango yote kwanza. Kisha kila chumba kinakinga ndoo mbili za lita 20, foleni inazunguka, ndipo mtu anarudia. Mzunguko wa ndoo mbili ulikuwa na sababu. Presha ya saa nane usiku haikudumu, na kama chumba cha kwanza kingejaza pipa lake lote la lita 200, chumba cha mwisho kingepata hewa.

Maji ya mwanzo hutoka mekundu kwa kutu. Hayo hayakumwagwa, yaliwekwa pembeni kwa ajili ya choo na kudekia. Ya kunywa yalichujwa kwa kitambaa cha kanga kuukuu kilichokunjwa mara mbili, yakachemshwa, yakaachwa kwenye mtungi. Pipa lisipofunikwa vizuri, ndani ya siku chache viluwiluwi vya mbu vinacheza juu ya maji. Kwa hiyo lilisuguliwa na kusuuzwa kila lilipokaribia kuisha, na kazi hiyo ilikuwa ya watoto kwa sababu ndio waliotosha kuingia ndani.

Ugomvi wa uani ulianzia humo humo: mtu amekinga ndoo ya tatu kabla ya zamu, mtu hakufagia wiki yake, mtu anatumia pasi na mita ya umeme ni moja, bili inagawanywa kwa taa. Ugomvi mdogo ulimalizwa na mwenye nyumba. Ukizidi, aliitwa mjumbe wa nyumba kumi, ambaye naye alikuwa jirani tu, anayejua nani mkweli na nani ana maneno mengi.

Na choo. Wanaosimulia utoto wa uswahilini kwa sukari tupu huruka habari ya choo, mimi siwezi. Shimo moja kwa watu ishirini hujaa, na masika yakianza, sehemu za bondeni kuelekea Jangwani na mto Msimbazi, maji ya ardhini hupanda na kulijaza haraka zaidi. Hapo waliitwa watapishaji. Walichimba shimo la pili kando, wakatoboa ukuta wa lile la zamani, uchafu ukahamia, wakafukia. Kazi ilifanywa usiku, na kesho yake uani hakukalika. Hatari yake ilikuwa kubwa: shimo jipya likiwa karibu na kisima au bomba lililopasuka, kipindupindu hakiko mbali. Watoto waliugua kwa sababu hiyo. Nautamani ukaribu ule, lakini shimo lile simtakii mtoto yeyote.

Chakula kilipita kwenye kawa. Aliyepika kitu kizuri alijua harufu imeshafika vyumba vyote, kwa hiyo alipakua bakuli, akalifunika kwa kawa, akampa mtoto apeleke. Bakuli halikurudi tupu. Kama jirani hakupika, lilirudi na embe, au vitunguu viwili, au chumvi kidogo kwenye karatasi. Mwezi wa Ramadhani magharibi mikeka ilitandikwa barazani, kila chumba kikatoa sahani yake: mihogo ya nazi, tambi, kunde, uji wa pilipili manga. Mpita njia aliyekutwa na adhana alivutwa mkono akae. Watoto wa Kikristo wa nyumba hiyo walikuwepo mkekani kama wengine, na Krismasi njia ya sahani iligeuka.

Msibani vyombo vya mtaa mzima vilichanganyika, kwa hiyo kila sufuria ilikuwa na alama chini: rangi ya kucha, uzi mwekundu kwenye mkono, au herufi iliyochorwa kwa msumari. Watoto ndio waliotumwa nyumba kwa nyumba kukusanya masufuria, majamvi na mabenchi, na wao ndio walioyarudisha baada ya siku tatu. Mtoto wa miaka minane alijua sufuria ipi ya nani kwa kuigeuza tu.

Kutumwa kwenyewe kulikuwa na saa yake. Mama yeyote, siyo wa kwako tu, aliweza kukuita: "We mtoto, njoo unichukulie mafuta ya taa dukani. Natema mate hapa, yasikauke hujarudi." Ukikataa, habari ilifika nyumbani kabla yako. Mtu mzima yeyote aliweza pia kukuchapa. Naona hapo walikosea mara nyingi, maana mtoto alichapwa na asiyejua kilichotokea, akifika nyumbani akaongezwa.

Michezo ilifuata umbo la nyumba. Kombolela, mchezo wa kujificha na kutafutana, ilinoga kwa sababu nyumba ina milango miwili. Anayetafuta anahesabu ameegemea nguzo ya baraza. Wakati anamwendea aliyejificha nyuma ya pipa, mwingine anazunguka na uchochoro, anatokea mbele, anagusa nguzo na kupiga kelele "kombolela!", waliokamatwa wote wanakuwa huru. Werevu walibadilishana mashati gizani. Mtafutaji akitaja jina lisilo sahihi anaanza upya kuhesabu, na wapo waliohesabu mpaka wakaitwa kulala.

Rede ilichezwa barabarani. Warushaji wawili husimama hatua 8 hadi 10 kati yao, mchezaji yuko katikati na chupa ya soda, anaijaza mchanga kwa viganja huku anakwepa mpira. Mchanga uwe mkavu, ukiwa na unyevu unaziba mdomo wa chupa na umeshakufa. Mpira wa rede ni soksi iliyojazwa matambara, laini, wa kuenea mkononi. Kila mtaa ulikuwa na sheria zake ndogo, lakini kuweka jiwe ndani kulikatazwa mitaa yote.

Mpira wa chandimu, yaani soka ya mtaani, ni kazi nyingine, na naona aibu ujuzi wake ukipotea. Kiini ni kipande cha sponji ya godoro bovu, ukubwa wa ngumi. Bila sponji mpira haudundi, unaanguka kama kiazi. Juu yake unafinyanga magazeti, karatasi moja baada ya nyingine, ukizungusha ili uvimbe usibaki upande mmoja. Kisha rambo, yaani mfuko wa plastiki: ingiza mpira ndani ya mfuko, kaza, sokota shingo, halafu pindua mfuko uliobaki urudi kuufunika mpira. Rudia na mifuko minne au mitano, kila shingo ikiangukia upande tofauti na iliyotangulia. Shingo zote zikiwa mahali pamoja, mpira unapinda ukipigwa.

Mwisho ni kamba. Fumua gunia la katani, unganisha nyuzi. Zungusha kamba mara nne au tano kutoka juu kwenda chini kama vipande vya chungwa, ukibana mpira kwa magoti. Kisha pita kwa mlalo, na kila unapokuta kamba nyingine ipitishe chini, izungushe mara moja, kaza, endelea. Vyumba vya wavu, yaani nafasi kati ya kamba na kamba, viwe upana wa dole gumba. Vikizidi hapo, nailoni inachungulia, inakwaruzwa na lami na kupasuka, karatasi zinatoka. Mpira ukilowa maji ya dimbwi, magazeti hunywa, unakuwa mzito wa kuvunja kidole cha mguu mtupu, na ukikauka wavu unalegea. Ndiyo maana wakati wa masika magazeti yaliachwa, yakatumika matambara.

Rambo zimepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na ilikuwa sawa, mitaro yetu ilikuwa imeziba. Badala yake mguu wa soksi ndefu unafaa: vuta, sokota, pindua vile vile, mara tatu. Hauzuii maji, lakini unashika wavu vizuri kuliko nailoni. Magunia ya katani uliza kwa wauza nafaka. Chagua lililotumika, nyuzi zake zimeshalainika na hazikati vidole, na anza kufumua kwenye mshono wa chini, ndipo uzi unapotoka mrefu bila kukatika.