Siku moja maishani mwangu: bilinganya za kwenye ndoo, Dar, Februari

Saa 12 asubuhi nishafika Tabata. Kazi yangu ni kuhudumia bustani za ndoo za watu, na mwezi huu wa pili jua la Dar halina huruma, ukichelewa mpaka saa 5 kila mmea umelegea na hujui mzima ni upi mgonjwa ni upi. Bilinganya ikilegea saa 8 mchana alafu jioni ikasimama, hilo ni joto tu. Ikiamka imelegea na udongo una maji, hapo kuna jambo.

Na ndo nililokuta leo kwa mama mmoja mteja. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, njoo uone, juzi tu ilikuwa nzima." Kweli majani bado ya kijani kabisa, hamna unjano, ila yote yamelala. Nimechomeka kidole, udongo mbichi. Nikakata kipande cha shina karibu na udongo nikakining'iniza kwenye glasi ya maji safi tukakaa tunaangalia, dakika chache tu ukaanza kutoka ute mweupe, uzi mwembamba unashuka taratibu mpaka chini ya glasi. Huo ni mnyauko wa bakteria na dawa hauna, mtu wa duka asikuuzie chupa. Tumeng'oa, udongo wote tumeufunga kwenye mfuko ukatupwe, ndoo nimeiosha kwa jiki. Mama kaumia, ilikuwa imeshatoa maua, na mimi imeniuma sana.

Saa 3 Sinza kwa dada mmoja. Majani yana vidoti vya njano vingi vingi, yamepauka, akadhani mbolea imeisha. Nikagonga jani juu ya karatasi nyeupe, vikadondoka vidoti vidogo alafu vikaanza kutembea! Utitiri huo, mdudu mdogo sana. Anapenda joto na vumbi, anakaa chini ya jani. Nimeosha chini ya kila jani kwa mpira wa maji, sabuni tukaiacha mpaka jioni maana ukipiga jua likiwa kali majani yanaungua.

Saa 5 Mbezi Beach, ncha za majani zimekauka na juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Maji ya kisima hayo, chumvi. Nimemwagia maji ya bomba mara mbili ya ujazo wa ndoo, yapite yote yatoke chini. Na ndoo zenyewe nyeusi zimekaa juu ya sakafu ya zege, ukizigusa zinachoma, mizizi inapikwa humo ndani jamani! Tumezipandisha juu ya matofali, tukazivisha viroba vyeupe na kuweka makumbi ya nazi juu ya udongo.

Mchana napumzika, najibu picha za wateja. Wengi ni maua kudondoka, joto likizidi kama nyuzi 35 ua halishiki, weka neti ya kivuli mchana, asubuhi tikisa ua kidogo poleni (ule unga wa ua) imwagike.

Saa 11 jioni nimerudi Sinza, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, nimepiga chini ya majani, na tutarudia baada ya siku tano au sita kwa sababu mayai hayafi kwa sabuni.

Saa 1 usiku nimemtumia mama wa Tabata meseji, achunguze ndoo zilizokuwa karibu na ile kila asubuhi, maji ya ndoo moja yasitiririkie nyingine, na pale asirudishe nyanya wala pilipili, ni ukoo mmoja na bilinganya. Kajibu anataka bamia. Kesho napita na mbegu.