Seti ya Russell

Jioni hii nimemweleza mdogo wangu kitendawili alichokigundua mwanafalsafa na mwanahisabati Mwingereza Bertrand Russell mwaka 1901, na hadi sasa kichwa changu hakijatulia.

Seti ni mkusanyiko wa vitu, na vitu hivyo vinaweza kuwa seti nyingine. Fikiria seti ya seti zote zisizojijumuisha zenyewe. Je, yenyewe imo ndani yake? Ikiwa imo, haistahili kuwamo. Ikiwa haimo, ni lazima iwemo.

Mdogo wangu alichora duara, akaweka nukta ndani, akaifuta, akaiweka nje, akaifuta tena, mpaka karatasi ikatoboka pale penye mstari.

Linalonigusa zaidi ni habari za Gottlob Frege, mwanamantiki Mjerumani. Juni 1902 Russell alimwandikia barua kuhusu jambo hilo, wakati juzuu ya pili ya kazi ambayo Frege aliihangaikia miaka mingi, ya kuijenga hesabu juu ya mantiki, iko mitamboni, naye, badala ya kulificha, akaongeza kiambatisho cha kukiri kwamba msingi wake umetikisika. Kwangu mimi, huo ni ujasiri wa hali ya juu kabisa.

Baadaye, mwaka 1931, mwanamantiki Kurt Gödel alithibitisha kwamba hata hesabu za namba za kawaida haziwezi kufungwa zote ndani ya orodha moja ya kanuni zisizopingana.

Ndugu zangu, ni kitendawili gani cha mantiki kiliwahi kuwakosesha usingizi? Niandikieni hapa chini, nitasoma yote.