"Mwalimu, gari lako limekojoa tena"

Keateka wa ploti yetu hapa Donholm hana maneno mengi. Nikishuka ngazi saa kumi na mbili asubuhi namkuta na fagio, ananiambia hayo tu. Kabro, yale matofali ya uani, ni za landilodi, na doa la oili kwenye kabro ukilisugua kwa sabuni ya unga linakucheka.

Gari ni Corolla 110 ya 1998, injini ya 5A, imeshapita kilomita 280,000. Fundi wa kwanza alilala chini yake dakika mbili, akatoka na jibu: sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Akapaka silikoni, nikalipa. Wiki mbili baadaye doa likarudi, nami nikamrudia, akapaka nyingine juu ya ile ya kwanza. Sampu yangu ikawa kama keki ya harusi.

Aliyenisaidia ni binamu yangu anayeuza spea Kirinyaga Road. "Dada, oili haipandi, inateremka. Anza kutafuta juu." Akaniambia nioshe injini, niikaushe, ninyunyize poda ya mtoto kwenye maungio, kisha niliendeshe kidogo. Nikazunguka Outer Ring, nikarudi, nikafungua boneti na tochi mkononi. Kando ya tapet kava, mfuniko wa juu wa injini, poda ilikuwa imelowa, mstari mweusi ukishuka mpaka chini kabisa. Nikachomoa waya za plagi. Wa tatu ukatoka unachuruzika oili. Kumbe ndiyo sababu gari lilikuwa likikohoa kila asubuhi!

Gasketi mpya ya kuziba ukingo wa tapet kava na raba za mashimo ya plagi, shilingi 900. Wiki tatu pakavu. Halafu unyevu tena, upande ule ule.

Nilikaribia kuliuza, kusema kweli. Binamu akauliza: "PCV uliibadilisha?" Hata sikuwa nimeisikia. Ni vali ndogo iliyochomekwa juu ya tapet kava, mpira wake ukienda kwenye menifoldi, mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Injini ikizunguka, gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia kule oili iliko, na vali hiyo ndiyo inayoipa njia ya kutoka. Ikiziba, ni sawa na kukandamiza mfuniko wa sufuria ya maharagwe inayochemka: povu litapenya popote palipolegea. Nikaichomoa, nikaitikisa sikioni. Nzima hulia kacha-kacha. Yangu ilikuwa kimya, imeganda masizi. Kwa hiyo gasketi haikuwa na kosa, ilikuwa inasukumwa kutoka ndani. Nikanunua vali, nikanunua na gasketi nyingine, silikoni nikaiweka kidogo tu kwenye kona.

Juu pamekauka. Imebaki oili sili ya nyuma ya krenki, raba inayozuia oili pale injini inapokutana na giaboksi, ambayo haifikiki mpaka giaboksi ishushwe. Nilipotajiwa bei ya kazi hiyo niliomba kiti. Itangoja likizo ya Desemba. Kwa sasa kila Jumamosi, kabla ya kuwasha, nachomoa dipstiki, napangusa, napima, na kwenye buti sikosi nusu lita ya oili ya 20W-50.

Chini ya gari nimetandika kartoni. Zamani nilikuwa naibadilisha kila wiki. Hii ya sasa ina matone matatu tangu shule zifunguliwe. Jana keateka aliinama akaikagua, akainuka, akaendelea kufagia.