Na mimi nisingeiba, ami

Harusi ya mdogo wangu imepita salama, alhamdulillahi. Biriani ilitosha, mvua ilitusubiri, na mjomba wa Malindi aliyeapa haji alikuja akakaa safu ya mbele. Mengine mtayasikia kwa dadangu. Mimi bado niko feri.

Mwanijua nivukavyo: reflekta, buti za vumbi, helmeti kwapani, nawahi yadi kuhesabu makontena ya watu. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunipisha kwenye feri ya Likoni, hapa Mombasa. Siku ya nikahi nilitoka na kanzu ya shemeji, imepigwa pasi mpaka mkunjo wa mkono ungekata limau, koti jeusi juu, makubadhi, na kofia ya vito ya marehemu babu, kazi ya mkono ya Lamu. Koti, kwa taarifa yenu, ni mtumba wa Kongowea wa shilingi 300 na bitana imechanika. Lakini nani ataiona bitana? Tangu getini ilikuwa "pita sheikh, pita sheikh," na sheikh akapita.

Tukiwa katikati feri ikasimama kuipisha meli inayoingia Kilindini. Mtoto akamponyoka bibi yake, mbio hadi kwenye vyuma kuitazama. Bibi mwenyewe, wa buibui, ana kikapu, na juu ya kikapu pochi ambayo zipu yake haifungi. Ubavuni pake kabisa, kiwiko kinagusa kikapu, alisimama kijana wa jezi ya Arsenal iliyopauka, ndala moja ya buluu, moja ya kijani. Bibi akamtazama, akamruka, akaninyoshea mimi juu ya mkono wa yule kijana.

"Hebu nishikie, babangu. Wewe naona ni mtu wa watu."

Akenda zake. Kijana hakukasirika. Alinitazama kofia, akanitazama miguu, akasema taratibu:

"Na mimi nisingeiba, ami."

"Najua," nikamwambia.

"Wajuaje?"

Bibi akarudi na mjukuu wake, akaniombea dua ndefu, rampu ikashuka, watu wakamwagika, na jezi ile ikapotea kwenye msongamano.

Wajuaje? Hilo ndilo lililonikaa. Nimemjibu bafuni, nimemjibu juu ya ngazi nikisoma namba za kontena, na juzi usiku nimemjibu kwa sauti mpaka mke wangu akauliza nazungumza na nani. Sikuwa najua chochote. Nilimjua yeye kama bibi alivyonijua mimi. Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu, kwa hiyo hata tikiti hakuna ya kumpimia mtu. Zimebaki nguo tu. Na ile heshima niliyopewa haikushuka kutoka mbinguni. Ilipitishwa juu ya mkono wake, nikaiona ikipita.

Babu alikuwa akitueleza barazani kwamba zamani za watumwa, mtumwa hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Utumwa ulipofutwa kisheria huku Pwani, mwaka 1907, wengi walioachwa huru walivaa zilezile kanzu na kofia walizokuwa wakinyimwa, na nani angewalaumu? Kofia aliyokuwa amevaa akisimulia ndiyo hii. Hakusema sisi tulikuwa upande gani, na hakuna aliyemuuliza.

Basi nikarudi kazini na reflekta yangu. Ndani ya feri mama mmoja aliponiona nasogea akauhamisha mkoba kutoka bega la huku hadi bega la kule. Wallahi maneno ya yule kijana yalinifika kwenye ulimi! Nikacheka peke yangu, na kucheka huko kukamfanya asogee zaidi, akaukumbatia mkoba kwa mikono miwili. Tukavuka hivyo hadi ng'ambo, yeye na mkoba wake, mimi na kicheko changu.

Kanzu ya shemeji bado imetundikwa nyuma ya mlango. Kila akiuliza namwambia kesho. Mke wangu asema nisiirudishe kabla sijaenda kuomba ule mkopo, tena niende na kofia. Najifanya sikusikia, ila pasi nimeipiga upya.

Hayo yote, lakini kinachonikosesha usingizi leo ni mama. Tangu harusi aona kizunguzungu, presha hataki kupimwa, asema ni uchovu wa kupika tu. Dadangu ndiye anayemsikiza. Nimempigia tangu magharibi, hashiki simu.