Pumzi baada ya tarakimu ya tatu

Alhamisi usiku. Wiki ya tano tangu niwe msaidizi wa utafiti kwenye maabara ya saikolojia ya chuo chetu, hapa Iringa. Nyumbani wakisikia maabara wanawaza darubini na chupa za kemikali. Ni chumba kimoja chenye meza mbili, saa ya ukutani, kinasa sauti na kabati la kufuli la kutunzia fomu. Kwa baridi hii ya Julai, mshiriki akiingia namwacha kwanza apashe mikono ndipo nimpe kalamu ya kusaini ridhaa.

Kazi yangu ni kusoma tarakimu. Nasoma tatu, mshiriki anazirudia. Kisha nne, tano, hivyo hivyo mpaka zimshinde. Tarakimu moja kwa sekunde moja, sauti isipande wala isishuke. Tunapima kumbukumbu ya muda mfupi, ile ambayo mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kuwa hubeba vitu kama saba, zaidi au pungufu ya hapo kwa viwili. Nilipokuwa najifunza kusoma niligundua jambo likanifurahisha sana: kwa Kiswahili, kuanzia moja hadi tisa, kila tarakimu ina silabi mbili. Hata nne, n-ne. Tarakimu ikichelewa kutamkwa, kichwa hubeba chache, kwa hiyo usawa huo wa lugha yetu ni msaada mkubwa kwa mpimaji.

Jumanne alikuja mama mmoja wa Kihesa, muuza mboga, amejitanda kitenge juu ya sweta. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaongeza "kamwene", salamu ya Kihehe, kwa upole nami nikaitika. Akaniuliza, "Mwanangu, nikikosea itakuwaje?" Nikamwambia hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Alifumba macho. Kila nilipotaja tarakimu, kidole chake kimoja kiligusa pindo la kitenge, kikahamia mbele kidogo. Akafika nane. Nilifurahi kana kwamba ni mama yangu mzazi.

Jana Dokta, msimamizi wa utafiti wetu, alikaa kusikiliza rekodi za wiki hii. Akasimamisha, akarudisha nyuma, akaniita. "Sikiliza. Hapa unasoma namba ya simu."

Nikasikia. Saba tano nne, pumzi. Mbili moja tisa, pumzi. Ndivyo tunavyotajiana namba kila siku, sokoni, kwenye bajaji, kwa wakala wa pesa, na ulimi wangu ulikwenda huko bila kuniuliza. Ukikata tarakimu mafungu, anayekusikiliza anabeba mafungu, habebi tena moja moja. Nane za yule mama hazikuwa zake peke yake. Nyingine zilibebwa na pumzi yangu.

Washiriki sita, tangu Jumatatu. Kuwaita tena haiwezekani, maana kwa utaratibu wa utafiti huu mtu hupimwa mara moja tu.

Dokta hakunigombeza. Kilichoniuma ni kumkumbuka mama yule aliyeacha meza yake sokoni asubuhi nzima ili atupe kumbukumbu zake, nami nikazipokea vibaya. Niliuliza kama zile karatasi tuzichane. Akasema, "Hazichanwi." Kila moja tukaiandika sababu, na kwenye ripoti itasomeka kwamba sita wametolewa kwa kosa la msomaji. Nimeandika maneno hayo mara sita kwa mkono wangu. Nilipomaliza nilihisi, kwa mara ya kwanza, kwamba kazi hii naitaka kweli. Sijui chumba kingine ambamo kosa linatunzwa kabatini kwa heshima ileile kama jibu sahihi.

Kesho saa tatu asubuhi kuna mzee anatoka Ipogolo. Usiku huu nimejirekodi kitandani nikifuata mshale wa sekunde. Mara ya kwanza pumzi ilikuwepo, baada ya ile ya tatu. Mara ya pili pia. Ya tano ilienda sawa hadi mwisho, tarakimu nane. Mwenzangu wa chumbani, aliyejifunika blanketi mpaka masikioni, akajaribu kuzirudia. Akaishia ya sita.