Grimsby: trola zimeondoka, moshi umebaki

Leo Grimsby imenikaa kichwani kwa kinaya chake kimoja. Mji huu wa Uingereza, ulio ukingo wa kusini wa mlango wa mto Humber, uliwahi kuhesabiwa kati ya bandari kubwa kabisa za uvuvi duniani, lakini samaki wengi wanaopigwa mnada pale asubuhi hawaletwi na meli za mji. Huja ndani ya makontena, na wengi hutoka Aisilandi, nchi ileile iliyowafungia mlango wavuvi wa Grimsby.

Kisa chenyewe kinajulikana. Mwaka 1958 Aisilandi ilisogeza mpaka wake wa uvuvi hadi maili 12, mwaka 1972 hadi 50, mwaka 1975 hadi 200. Manowari za Uingereza zikaenda kulinda trola, yaani meli za uvuvi zinazokokota wavu, na walinzi wa pwani wa Aisilandi wakawa wanakokota nyuma ya meli zao chuma chenye makali, mfano wa nanga, kinachokata waya za nyavu. Waya zikikatika, wavu mzima unazama pamoja na samaki waliomo. Juni 1976 Uingereza ilikubali yaishe, na trola za masafa marefu zikawa hazina pa kwenda. Nyingi ziliishia kuwa vyuma chakavu.

Wengi wakisimulia Grimsby huishia hapo, kama matanga. Mimi naona wanasahau nusu ya kazi. Samaki akitoka majini ameanza kuoza, na mji wa uvuvi hujengwa na watu wanaojua kumchelewesha asioze.

Wageni huupiga picha mnara wa gati, mita 94, uliomalizika mwaka 1852 kwa kuiga mnara wa jumba la mji wa Siena, Italia. Ni mzuri, sikatai, ila ulikuwa mtambo: tangi la maji liliwekwa humo, mita 60 hivi juu, na nguvu ya maji yale yakishuka ndiyo iliyofungua malango ya gati na kuendesha kreni. Lakini mimi jengo ninalolithamini zaidi ni lile la matofali lisilopigwa picha sana, kiwanda cha barafu, kilichojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kufungwa mwaka 1990. Kabla yake barafu ilikuwa ikikatwa kwenye maziwa ya Norwei wakati wa baridi na kuletwa kwa meli. Kiwandani, mitambo ya amonia ilipoza maji ya chumvi hadi chini ya sifuri bila kuganda, kisha mikebe ya chuma yenye maji matamu ikatumbukizwa humo mpaka maji yake yakawa mapande. Mapande yakasagwa na kumiminwa ndani ya trola gatini.

Safari ya Aisilandi ilichukua kama wiki tatu, na ndani ya ngama, tumbo la meli, ndipo bei ya samaki ilipoamuliwa. Alitumbuliwa, akaoshwa, akapangwa tabaka kwa tabaka na barafu iliyosagwa. Rundo likiwa refu mno, wa chini walipondeka. Samaki aliyegandamana na ubao bila barafu kati yao alitoa harufu mbaya hasa, kwa sababu vijidudu visivyohitaji hewa hustawi palepale. Waliovuliwa kwanza walilala chini kabisa, wakauzwa siku moja na wa juzi, na mnunuzi mjuzi hakuwalipia sawa. Wapakuzi walifanya kazi usiku kucha ili mzigo uwe umepangwa kabla ya mnada wa asubuhi, ukihesabiwa kwa pipa la kilo 63 na nusu hivi.

Barafu ya namna ile imekwisha. Moshi haujakwisha. Tangu mwaka 2009 samaki wa moshi wa Grimsby ana jina linalolindwa kisheria, na anayependwa zaidi ni hadoki, samaki wa bahari za baridi. Utamtambua kwa mstari mweusi ubavuni na doa jeusi juu ya pezi, mfano wa alama ya kidole gumba. Binamu yake mkubwa, cod kwa Kiingereza, kamusi zetu humwita chewa, ingawa chewa wa miamba yetu ni samaki mwingine kabisa.

Minofu huwa ya gramu 200 hadi 700, ngozi ikiwa bado juu. Hutiwa kwenye maji ya chumvi, kama gramu 270 kwa kila lita, dakika chache kwa mnofu mwembamba na zaidi kwa mnene. Mtu anaweza kudhani chumvi zaidi ni salama zaidi. Hapana: maji yakishiba chumvi kabisa, mnofu ukikauka huota chembe nyeupe juu. Na maji yaleyale yakitumiwa kutwa hupoa nguvu na kuchafuka, kwa hiyo minofu ya jioni hutoka chapwa.

Kisha hutundikwa kwenye fito za chuma, ichuruzike. Hapa ndipo wenye haraka huharibu. Protini iliyoyeyuka kwa chumvi inahitaji muda ikauke iwe utando unaong'aa. Mnofu ukiingia motoni ungali unadondoka, moshi huuchora michirizi.

Dohani ni ndefu, za matofali, kuta zake nyeusi kwa lami ya miaka mingi. Chini huwekwa marundo ya unga wa mbao unaofukuta usiku kucha bila kuwaka. Huku si kubanika kama tunavyobanika kando ya maziwa yetu, ambako moto humwivisha samaki. Joto halipaswi kupita nyuzi 30. Likipita, nyama hulegea, hukatika kwenye fito na kuangukia motoni. Adui mwingine ni usiku wenye joto na unyevu: dohani haivuti, samaki anatoa jasho badala ya kukauka. Upepo baridi wa Bahari ya Kaskazini ni sehemu ya mtambo, na mfukizaji hufungua na kufunga matundu kwa kuufuata. Mnofu hukaguliwa kwa vidole. Uliokamilika ni mkavu, rangi ya malai kuelekea kahawia hafifu. Wa manjano ya kung'aa mara nyingi umetiwa rangi.

Kwa kuwa moshi huo haupiki, mnofu bado ni mbichi. Ukiupika, maziwa yaufunike, moto mdogo, dakika 8 hadi 10, yasichemke, maana yakichemka nyama hukakamaa. Chumvi usitie kabla ya kuonja.