Kota yetu ya Morogoro na lile bati moja

Juzi nilikuwa Morogoro kwenye msiba wa jirani yetu wa zamani, nikasema ngoja nipite kwenye kota ya serikali tuliyokulia. Sikuitambua. Ukuta mrefu, geti jeusi, bati jipya la maruni, yani ni nyumba ya mtu sasa, iliuzwa kipindi kile serikali inauza nyumba zake kuanzia 2002. Sisi tulishahama, mana baba alipata uhamisho 1998.

Kilichonijia kichwani ni dari. Chumba chetu watoto kulikuwa na bati moja limetoboka, maji yanashuka kwenye siling bodi yanaacha duara la kahawia, na kila masika duara linazidi kutanuka. Baba alikuwa anapanda kwenye kiti, kiti chenyewe cha serikali, kimepigwa namba nyuma kwa rangi nyeupe, anachora mstari wa penseli pembeni ya lile duara na kuandika tarehe, ili siku fundi akija aone tatizo lilivyokua. Barua aliandika nyingi tu na nakala zote alitunza kwenye faili. Jibu ni lile lile, fungu halijatoka. Mpaka tunaondoka kulikuwa na mistari minne na bodi imeshaanza kubonyea, na muda wote huo kodi inakatwa kwenye mshahara wake kila mwezi bila kukosa.

Sasa wapo wanaosema bora ziliuzwa, angalia mwenye nyumba mpya alivyoitengeneza. Ni kweli ameitengeneza, sibishi. Lakini afisa anayehamia Morogoro leo anakaa wapi? Anaenda kupanga mtaani kama kila mtu, na kama cheo chake kinampa haki ya nyumba basi serikali ndo inamlipia pango, kwenye mji ambao ilikuwa na nyumba zake yenyewe, tena viwanja vikubwa karibu na ofisi. Kiwanja cha hivyo ukishakiuza hukipati tena. Mimi naamini lile lilikuwa kosa kubwa, na chanzo chake ni kwamba nyumba ziliachwa zichakae mpaka zikaonekana mzigo.

Na serikali yetu haikuwa maskini wa majumba hata kidogo. Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, lipo tangu 1962, 1971 yakataifishwa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, 1990 yakaunganishwa na NHC. Alafu 2002, mwaka ule ule nyumba za watumishi zinaanza kuuzwa, ndo ikaanzishwa TBA, Wakala wa Majengo, kujenga na kutunza majengo ya serikali.

Kujenga tunaweza, kwa kweli. Magomeni Kota pale Dar nimeenda kuangalia mwenyewe, zile nyumba ambazo Rais Samia alizindua Machi 2022, kwa ajili ya kaya 644 zilizobomolewa kota zao za zamani. Nzuri sana, nilifurahi kuona wazee wamerudi kwao, na Magufuli alishaahidi miaka mitano ya kukaa bila kodi. Ila ghorofa siyo kota ya chini, kuna lifti, kuna pampu ya maji, kuna mabomba ya maji machafu yanayopita kwa jirani wa chini, na hivyo vitu havisubiri fungu. Pampu ikifa leo, bibi wa ghorofa ya saba anapandisha ndoo leo leo.

Ninachokitaka mimi ni kidogo tu. Kila jengo la umma pale chini kwenye ngazi libandikwe karatasi: mwaka huu kodi imekusanywa kiasi gani, zilizotengwa kwa matengenezo ni ngapi, kilichotengenezwa ni nini, na fundi anapigiwa namba gani. Mpangaji asome mwenyewe.

Baba nilimpigia jioni ile nikamwambia nyumba imeezekwa upya yote. Akauliza, "Na kile chumba chenu?" Nikamwambia sikuingia ndani baba, geti lilikuwa limefungwa.